Bibi Kioo na Darasa Lililofungwa kwa Heshima

Wasikilizaji wapendwa, hebu niwaulize jambo. Umewahi kukaribishwa mahali kwa heshima kubwa, ukapewa kiti kizuri kuliko vyote, ukafunikiwa chakula chako peke yako, mpaka ukatamani kulia?

Usinijibu haraka. Punguza moto kama una kitu jikoni, vuta kigoda, tukae. Leo tunamkumbuka fundi vioo mmoja aliyetutoka mwezi uliopita. Mwanamke. Mjini walimwita Bibi Kioo, na jina lilimkaa kama nguo ya kushonewa. Hata mwenye duka la dawa alikuwa halijui jina lake lingine.

Narudia kwa aliyewasha redio sasa hivi: tunamkumbuka Bibi Kioo, fundi wa vioo vya madirisha.

Kazi hiyo alifundishwa na mumewe. Karakana yao ilikuwa chumba cha mbele, chenye meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu ili kioo kisikwaruzike. Vioo vilisimama vimeegemea ukuta, na katikati ya kipande na kipande pana gazeti. Nyuma ya karakana palikuwa na chumba cha kulala, na jiko la kusimama mtu mmoja. Wakipika wote wawili, mmoja alisimama mlangoni na kisu chake na kitunguu chake. Mume akikata kioo, yeye anashika. Yeye akikata, mume anashika. Hawakujaliwa watoto. Walikuwa wao wawili, na utani wao, na vumbi la vioo kwenye nyusi.

Kisha mume akafariki. Bibi Kioo akajifunza kushika na kukata mwenyewe. Akaanza pia kuacha redio imewashwa kutwa nzima, hata akiwa hasikilizi, apate tu sauti ya mtu ndani ya nyumba. Ndiyo maana nawaambia, wasikilizaji wapendwa, huyu alikuwa mwenzenu.

Yupo mdogo wake, yule aliyemfuata ziwa. Ndiye aliyetusimulia mengi ya kipindi hiki. Anasema: "Dada alikuwa anaweza kumaliza siku hajazungumza. Mteja anaingia, anataja kipimo, anaondoka na kioo chake. Nikimpigia simu jioni, sauti imekauka kama ya mtu aliyetoka kuamka. Namuuliza, dada, ulikuwa umelala? Ananiambia, sijalala, ndiyo kwanza nafungua mdomo leo."

Siku moja akaingia karakanani mzee mmoja, dereva mstaafu mwenye lori lake. Watu walimwita Kapteni, ingawa chombo cha majini alikuwa hajakipanda hata kimoja. Kapteni alikuwa ameanzisha kikundi cha kujitolea. Kila likizo ya shule walikwenda kijiji kimoja cha mbali kukarabati shule. Walikuwa vijana waashi, maseremala, wapaka rangi, na wengine wasio na ufundi wowote ila mikono. Shule yenyewe ilikuwa maskini. Kuta zilikuwa zimemomonyoka chini kama zimetafunwa. Madirisha yalikuwa matundu tu, yamezibwa kwa magunia.

"Tuna kila fundi, Bi mkubwa," Kapteni akasema. "Fundi vioo ndiye hatuna."

"Mnalipa?"

"Hatulipi. Kule utakula vumbi tu."

"Vumbi lenyewe mnakula pamoja?"

"Pamoja, Bi mkubwa, kwenye lori moja."

"Basi nakuja."

Kapteni alicheka mpaka akashika meza. Alidhani ni mzaha.

Wakaondoka. Vioo vilipakiwa kwenye kasha la mbao lililojazwa nyasi kavu, na Bibi Kioo akakaa ubavuni mwake, mkono juu ya kasha, njia nzima. Vijana wakamtania kwamba amelishika kama mtoto mchanga. Akawajibu: "Mtoto mchanga akidondoka analia, mnambembeleza. Hiki kikidondoka hakilii. Kinawaachia kazi ya kufagia, na mlivyo wavivu."

Walianza na darasa moja, lile kubwa la mwisho. Waashi wakapiga lipu. Sakafu ikamwagwa upya, ikasuguliwa mpaka ikawa laini kama sahani. Bibi Kioo akaweka vioo. Alikuwa anakanda pati, ule udongo laini wa kushikiza kioo kwenye fremu, anaukanda viganjani mpaka upate joto. Kisha anaubandika kwa dole gumba, taratibu, akiongea na dirisha. "Haya mama, pokea. Usinibanebane." Wanafunzi wakijazana nje kumsikiliza, yeye anajifanya hawaoni.

Mchana ukafika, chakula kikaiva.

Hapo ndipo pana kiini cha hadithi yetu. Wale vijana walikula na Kapteni kivulini mwa lori. Wanawake wa kijiji walikula jikoni mwa shule, wamezunguka sinia. Na Bibi Kioo? Bibi Kioo alikuwa mtu mzima, mwanamke, mgeni aliyetoka mbali kufanya kazi bila malipo. Mwalimu mkuu hakukubali ale chini. Akamfungulia ofisi yake. Akamwekea kiti chenye mto. Meza ikatandikwa kitambaa cheupe, juu yake sahani yenye maua, imefunikwa sahani nyingine yenye maua.

Aliyeleta chakula alikuwa mpishi wa shule, mwanamke mrefu, umri wake karibu sawa na Bibi Kioo. Akamnawisha mikono. Akasema, "Karibu, mgeni wetu." Akatoka kinyumenyume, akafunga mlango polepole usije ukapiga kelele.

Bibi Kioo akala, ameutazama ukuta wenye ramani. Kutoka jikoni alisikia wanawake wakicheka, vijiko vinagonga sufuria, mmoja anamtania mwenziwe kwamba amemaliza ukoko wote peke yake.

Siku iliyofuata ikawa vilevile, na iliyofuata vilevile. Siku moja akabeba sahani yake mwenyewe mpaka jikoni, akainama aioshe. Mpishi wa shule alishtuka kana kwamba kaona moto.

"Hapana, mama! Mgeni wetu uoshe vyombo? Unataka watuseme?"

"Sahani moja tu, dada."

"Hata kijiko, mama. Nipe. Rudi ukapumzike."

Kicheko kikakatika. Wanawake wote wakasimama kwa adabu, wakisubiri aondoke. Akawapa sahani yao, akarudi kwenye kiti chenye mto.

Lakini alipokuwa anatoka jikoni aliona kitu. Nyuma ya jiko kulikuwa na nyumba ndogo, nyumba ya mpishi. Nje yake, juu ya kichanja, vimeanikwa sahani moja, kikombe kimoja, kijiko kimoja. Watoto wa mpishi walikuwa wameshakwenda zao, kila mmoja na mji wake. Bibi Kioo alisimama akavitazama vile vyombo. Alivijua. Kule mjini na yeye alikuwa navyo vya namna hiyo.

Wasikilizaji wapendwa, kazi ya darasa lile ikaisha. Kikundi kikarudi mjini. Likizo nyingine ilipofika wakapanda lori tena, Bibi Kioo wa kwanza kupanda. Mwalimu mkuu akawapokea kwa furaha, ufunguo mkononi.

"Njooni muone tulivyolitunza darasa lenu."

Akafungua kufuli. Akafungua mlango. Darasa lilikuwa linang'aa. Sakafu haikuwa na mchubuko. Ubao haukuwa na vumbi la chaki. Madawati yamepangwa mstari, vioo vyote vizima, vimefutwa kwa kitambaa. Kapteni akapiga makofi. "Hapa nawavulia kofia! Mmetunza kweli."

Bibi Kioo akauliza, "Watoto wanasomea wapi?"

"Lile darasa la zamani, mama yetu," akajibu mwalimu mkuu. "Na wengine nje."

"Na hili?"

"Hili ni la heshima. Watoto ni watundu, mama. Mpira mmoja tu, kioo kimekwenda. Mkirudi mkute vimevunjika, tutawatazama kwa macho gani?"

"Hajaingia mtu?"

"Mpishi wetu anaingia kufuta vumbi. Basi."

Narudia, msikilizaji, usije ukadhani umesikia vibaya. Darasa lilikarabatiwa kwa ajili ya watoto. Wanakijiji wakalifunga, watoto wasije wakaliharibu. Hawakufanya kwa ubaya. Walifanya kwa shukrani. Muda wote ule watoto walikuwa wanasomea kwenye magunia na upepo, na darasa zuri limefungwa kufuli likiwangoja wageni waje walisifu.

Bibi Kioo akalisogelea dirisha. Akalitazama kwa karibu. Halikuwa na alama ya pua ya mtoto, wala kidole. Vioo vilikuwa havijatazamwa na mtoto kutoka ndani tangu alipoviweka.

Akachukua nyundo yake ndogo. Akakipiga kioo cha chini, cha pembeni. Kikamwagika chote.

Mwalimu mkuu akashika kichwa. Kapteni akapiga ukelele: "Bi mkubwa! Umepatwa na nini?"

"Kioo kimevunjika," Bibi Kioo akasema.

"Umekivunja wewe!"

"Ndiyo, nimekivunja mimi. Sasa waiteni watoto waje waone kinavyorudishwa."

Watoto wakaitwa, wakaingia kwa kunyata, wamevua viatu wale waliokuwa navyo. Akawaonyesha namna ya kuokota vipande bila kujikata, namna ya kukwangua pati ya zamani, namna ya kupima. Akatia mafuta ya taa kidogo kwenye kisu cha kukatia, kile chenye gurudumu dogo mdomoni, akapitisha mstari mmoja. Kioo kikakatika, tik. Watoto wakasema "Aaah!" Akawapa pati kila mmoja akande. Chai ilipoiva dirisha lilikuwa zima, na hakuna mtoto aliyekuwa na mikono safi.

"Umeona, mwalimu?" akasema. "Si msiba. Nitawaachia vioo vya akiba na kisu. Vunjeni, jamani! Msipovunja, mimi nitakuja kufanya nini huku?"

Watu wote wakacheka. Mwalimu mkuu naye akacheka, akijifuta jasho. Ulikuwa mzaha mzuri. Lakini mpishi wa shule, ambaye siku ile alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai, anatuambia kwamba yeye hakucheka. Alimtazama Bibi Kioo usoni, akaona kwamba yule mama anauliza kweli.

Darasa likafunguliwa. Likizo iliyofuata walipofika walilisikia kabla ya kuliona. Watoto wa mafunzo ya likizo walikuwa wanaimba jedwali la kuzidisha mpaka mabati yanaitikia. Vioo vilikuwa na madole kila mahali. Viwili vitatu vilikuwa vimerudishwa na wanafunzi wenyewe, vimekaa upande, pati imevimba kama donge la unga. Bibi Kioo alivipapasa kimoja kimoja. "Kibaya hiki," akasema, uso umemjaa furaha. "Kibaya kweli kweli. Kaviweka nani hivi?" Msichana mmoja akanyoosha mkono kwa woga, akakumbatiwa.

Kisha mchana ukafika. Akafunguliwa ofisi. Kiti chenye mto. Kitambaa cheupe. Sahani yenye maua. "Karibu, mgeni wetu." Mlango ukafungwa polepole.

Ikaenda hivyo likizo baada ya likizo. Darasa la pili, la tatu, ofisi ya walimu. Kila alipoongeza dirisha, heshima nayo iliongezeka. Mto wa kiti ukabadilishwa, ukaletwa mnene zaidi.

Mdogo wake alimshauri. Anatuambia: "Nilimwambia, dada, si useme tu? Waambie unataka kula nao. Akanijibu, wewe nawe! Nitaanzaje kumwambia mtu aniheshimu kidogo?"

Tena mdogo wake anasema hivi: "Dada alitaka kuhamia kule. Alishaulizia mtu wa kuichukua karakana. Alisema akipata hata chumba kimoja, kijiji kile kitamtosha. Alikuwa anangoja tu mtu wa kule amwambie kaa. Akaniambia, mwenzangu, wao wananiambia karibu tena. Karibu tena anaambiwa mtu anayeondoka."

Hilo ndilo alilolitaka, wasikilizaji wapendwa. Hakutaka shukrani wala cheti. Alitaka mtu mmoja amwambie kaa.

Likizo ya mwisho ikafika. Shule ilikuwa imekamilika, kila dirisha na kioo chake. Kapteni alikuwa ameshapata shule nyingine, upande mwingine kabisa, yenye shida kubwa zaidi. Kwa hiyo kule hawakuwa na sababu ya kurudi. Wanakijiji wakatoa hotuba. Watoto wakaimba. Lori likawashwa.

Bibi Kioo akachelewa kupanda. Alisimama na mpishi wa shule kando ya gurudumu, na mazungumzo yao mpishi anayakumbuka neno kwa neno.

"Dada, nyumba yako ina madirisha mangapi?"

"Moja tu, mama."

"Lina kioo?"

"Kioo cha wapi, mama. Lina ubao."

"Ubao unatia giza."

"Nimezoea, mama."

"Kuweka kioo si kazi ya siku moja, ujue. Mtu inabidi atulie hapo."

"Usijisumbue, mgeni wetu. Umeshatufanyia mengi."

Wakatazamana. Kapteni akapiga honi. "Bi mkubwa, tutakuacha!" Bibi Kioo akasubiri kidogo, labda mtu aseme, basi muache. Hakuna aliyesema. Vijana wakampa mkono, akapanda. Watu wote wakapunga. "Karibu tena! Karibu tena!"

Alirudi kwenye chumba chake cha nyuma, jiko lake la mtu mmoja, na redio yake. Mvua zilipoanza kifua kikambana. Alipeleka vioo kwa wateja akikohoa, hakutaka kumsumbua mtu. Siku moja jirani anayeuza mkaa akaona karakana haijafunguliwa, akagonga, akaingia. Wakampeleka hospitali. Mdogo wake alifika akamkuta bado anaongea. Alimuuliza kama kuna mtu yeyote angependa aitwe. Bibi Kioo akafikiri. Akasema, "Kule wana shughuli zao. Waache." Akafariki mchana wa siku iliyofuata, mdogo wake ameshika mkono wake wenye makovu madogo madogo ya kazi.

Kapteni ndiye aliyepeleka habari kijijini. Alidhani watakuja wawili watatu. Lori likajaa. Mwalimu mkuu alikuja. Wasichana wa darasa la mwisho walikuja na sare zao. Mpishi wa shule alikuja, ingawa mjini alikuwa hajawahi kufika maishani mwake.

Baada ya mazishi watu walikaa uani, nyuma ya karakana. Mdogo wa marehemu akamuuliza yule mwanamke mrefu, "Ndiye wewe mpishi?"

"Ndiye mimi."

"Dada yangu alitaka kuhamia kwenu. Hukujua?"

Mpishi akakaa chini kwenye ngazi ya mlango. Watu wakadhani hakusikia.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo chetu, tunampa pole nyingi mdogo wa marehemu, ambaye sasa jioni hana wa kumpigia simu. Tunampa pole Kapteni na vijana wake wote wa kujitolea. Poleni walimu, poleni wanafunzi wa shule ile ambao leo wanaona mawingu na mti na mtu anayepita, wakiwa ndani, bila kunyeshewa. Mungu ampumzishe fundi wetu mahali pema.

Na wewe unayenisikiliza, nikuombe kitu kimoja. Yupo mtu unayemheshimu sana. Pengine ni mpangaji wa chumba cha pili, pengine ni mama mkwe, pengine ni yule mwalimu mpya aliyetoka mbali. Ukimaliza kumheshimu, muulize kama amechoka kukaa peke yake. Mpe kitunguu akusaidie kumenya. Hatavunjika.

Narudi uani. Watu walikuwa wameanza kuaga, Kapteni anawahesabu abiria wake. Mpishi wa shule bado alikuwa kwenye ngazi. Mdogo wa marehemu akainama amwinue, ndipo mpishi akafungua mdomo. Hakumtazama. Alizungumza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeongea na aliyelala:

"Nilikuwa na chumba cha kuni. Nilizitoa kuni zote, nikafagia, nikakandika ukuta, nikaweka kitanda. Tangu ule mwaka aliovunja kioo. Kila wakija nasema leo namwambia. Halafu namwona mtu wa mjini, fundi mkubwa, mwalimu mkuu mwenyewe anampisha njia, nasema, nitampa sakafu ya udongo, mimi? Nikanyamaza. Nilitaka nimwambie asiondoke, mdogo wangu. Ni hilo tu nililolitaka. Nilitaka nimwambie, dada, lori liache liende, wewe kaa na mimi. Niko peke yangu."